Nahamia Dar peke yangu, kazi ni Posta: nipange wapi, na jioni nirudi vipi kwa usalama?

BintiTukuyu aliuliza:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Mwezi ujao naanza kazi Posta, ofisi inafungwa saa kumi na mbili jioni. Sijawahi kuishi Dar. Kodi nisizidishe laki mbili kwa mwezi, na nimetajiwa Sinza, Tabata na Kimara. Kila ninayemuuliza ananijibu "Dar ni kujichunga tu", na kwa jibu hilo siwezi kuchagua nyumba. Naomba wenyeji, hasa akina dada, mniambie nikague nini kabla sijalipa, na jioni nirudi na usafiri gani. Jingine: mama atakuja kunitembelea, na basi la Mbeya litamfikisha stendi ya Magufuli usiku. Afanyeje?

MamaK_Segerea alijibu:

Karibu sana mdogo wangu. Usianze na jina la mtaa. Sinza ina barabara zinazokesha na ina vichochoro vya giza, na Tabata na Kimara ni hivyo hivyo. Cha kuchunguza ni kile kipande cha kutoka kituoni mpaka mlangoni kwako. Dar jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro, mwaka mzima. Wewe unatoka kazini saa kumi na mbili, bado foleni, kwa hiyo kipande hicho utakitembea gizani karibu kila siku ya kazi.

Nyumba ikague mara mbili. Mchana nenda na dalali. Halafu rudi saa mbili usiku na mtu unayemwamini, mshuke kituoni mtembee kwa miguu hadi getini. Hesabu taa zinazowaka, maana nguzo nyingi zimesimama tu. Angalia maduka, wauza chipsi na vibanda vya kutolea pesa vinafunga saa ngapi, kwa sababu macho ya watu hao ndiyo ulinzi wako. Pagale, kiwanja kilichoota majani, korongo, au njia inayofuata ukuta mrefu usio na geti: hapo ndipo watu wanapigwa roba, yaani wanakabwa shingo na kuibiwa. Kimara hasa, nyumba nyingi za bei nafuu ziko mabondeni, mbali na barabara ya Morogoro. Ikizidi dakika nane kwa mguu, nauli ya boda ya kila jioni ijumlishe kwenye kodi kabla hujalinganisha. Chumba cha laki na ishirini huko ndani kinaweza kukutoka sawa na cha laki mbili kilicho karibu na lami.

Waulize wapangaji wanawake wa nyumba hiyo bila dalali wala mwenye nyumba kuwepo. Swali moja linatosha: "Dada, usiku ukichelewa unapita wapi?" Akikutajia njia ya kuzunguka, ile ya mkato ina sababu yake.

Na usilipe chochote zaidi ya hela ya kuoneshwa kabla hujapita ofisi ya serikali ya mtaa. Watakuambia kama anayepangisha ndiye mwenye nyumba kweli. Mkataba mwandikiane pale pale, ugongwe muhuri, na uondoke na namba za mwenyekiti, mjumbe wako na Mkaguzi Kata, yule polisi wa kata. Siku ikiwaka ndiyo utajua thamani ya namba hizo.

FundiMilango alijibu:

Naongezea upande wa nyumba yenyewe.

Kitasa badilisha siku unayohamia, hata kama kinafanya kazi vizuri. Wapangaji waliopita, dalali na mlinzi wanaweza kuwa na nakala ya funguo. Fundi anamaliza kazi hiyo haraka tu, na kile cha zamani mrudishie mwenye nyumba ili msigombane siku ya kuhama. Ongeza makomeo mawili ya ndani, juu na chini. Komeo moja la katikati mlango ukipigwa teke unapinda na misumari inang'oka. Yakiwa mawili nguvu inagawanyika. Tumia skrubu ndefu zinazofika kwenye mbao ya fremu, zile fupi zinazokuja na komeo hazishiki kitu.

Grili ya dirisha haizuii mkono wala mti wenye ndoano. Watu wa Dar wanalala madirisha wazi kwa joto, na simu zinavuliwa kwa mti huo. Kitanda, mkoba na soketi ya kuchajia vikae mbali na dirisha, walau mita mbili. Weka wavu wa mbu wa waya na pazia zito la chini.

Taa ya nje ina tatizo ambalo wengi hawalijui mpaka wamehamia: mara nyingi imeunganishwa kwenye LUKU ya mpangaji mmoja, naye anaizima kubana umeme. Uliza inakula LUKU ya nani. Kama choo ni cha nje hili ni la kufa na kupona, na mlango wa choo uwe na komeo la ndani. Ukikuta hakuna maelewano, taa ndogo ya sola yenye sensa inamaliza mzozo.

Kivukoni_Kimara alijibu:

Usafiri. Ukifanya kazi Posta, mwendokasi wa Morogoro Road, yale mabasi yenye njia yake, unakufaa kwa sababu moja: Kivukoni ndiko safari inakoanzia. Tembea mpaka kule upande gari likiwa tupu, ukae, badala ya kugombania vituo vya mbele. Ukisimama kwenye msongamano, mgongo uegemeze kwenye kioo au ukuta wa gari, mkoba mbele, simu kwenye mfuko wenye zipu.

Mwanaume akikubana makusudi, usihangaike kusogea kimya kimya, atakufuata. Mtaje kwa alama yake, kwa sauti: "Kaka wa shati la bluu, toa mkono wako!" Gari zima linamgeukia. Lakini usipige kelele za "mwizi" kwa jambo hili. Umati wa Dar ukisikia neno hilo unaweza kuua mtu, na ukweli ukafia hapo. Ukiwa barabarani na mtu anakufuata, mchague mtu mmoja umwambie: "Mama, naomba nisimame na wewe, huyu simjui." Ukiuomba umati mzima msaada, kila mtu anamsubiri mwenzake.

Boda ya kutoka kituoni: chagua kijiwe kimoja chenye viongozi, upate namba za madereva wawili watatu, uwe unawaita hao hao. Boda inayozurura peke yake saa tatu usiku iache ipite. Kwa gari au bajaji ya mtandaoni, soma namba ya gari kabla hujapanda na umuulize yeye jina lako, usimtajie. Dereva akikuambia "kansoo tumalizane mkononi", kataa: safari ikifutwa hakuna rekodi kwamba ulikuwa na yeye. Ukikuta kuna mtu mwingine ndani, usipande hata kama anaitwa ndugu yake. Jaribu mlango wa nyuma kama unafunguka kwa ndani kabla gari halijaondoka.

Vishandu, yaani wale wanaokwapua wakiwa kwenye pikipiki: tembea ukiangalia magari yanayokuja, mkoba bega la upande wa ukuta. Usiuvishe mkanda kifuani ukiamini ndiyo usalama. Mkanda usipokatika unaburuzwa nao. Ukivutwa, achia. Kwenye bajaji mkoba uweke chini katikati ya miguu, na simu usiitoe kwenye mataa.

BintiTukuyu aliandika:

Asanteni mno, hili la kukagua saa mbili usiku sikuwahi kuliwaza. Na mama je? Halafu naomba kuuliza bila aibu: yakitokea yale makubwa kabisa, mtu anaanzia wapi?

MamaK_Segerea alijibu:

Mama kwanza. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, kama kilomita 20 kutoka Posta. Muulize kondakta jioni wamefika wapi, uwahi kumpokea. Akifika kabla yako, akae ndani kwenye sehemu ya abiria, asitoke nje ya geti. Mizigo aishike mwenyewe, maana wapiga debe wanaibeba kwanza na bei wanakutajia baadaye. Basi likiingia usiku wa manane ni bora akae humo mpaka kupambazuke.

Mkimtembeza, Coco Beach na Toure Drive muwahi kuondoka kabla ya giza, na msitembee kwa miguu hapo usiku. Kariakoo mtashikwa mikono na wauzaji. Mama ajibu "asante mwanangu, sinunui", asisimame. Na mgeni yeyote asipande gari la mtu waliyefahamiana naye muda huo huo. Mchezo wa mjini ni huo: mbele wanaongezeka wenzake, mnazungushwa kwenye mashine za ATM mpaka akaunti ikauke.

Nesi_Ilala alijibu:

Swali lako la mwisho halina aibu yoyote, na kila dada anayehamia mjini alijue kabla.

Akibakwa mtu, saa ndiyo kila kitu. Asioge, asijisafishe, asifue. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu na ushahidi unaharibika. Aende hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha zinamezwa siku 28 bila kuruka. Wengi huziacha katikati kwa sababu ya kichefuchefu. Arudi kwa daktari asaidiwe, asiache kimya kimya. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu yake inapungua kila siku inayopita.

Akifika polisi, aulize Dawati la Jinsia na Watoto, na ana haki ya kuomba askari wa kike. Apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na asiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. Bila RB, kesho yake anaanza upya kwa askari mwingine. Kama ameumia, matibabu ya dharura yaanze, PF3 itafuata. Hospitali ya Amana, pale Ilala, kuna kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja, kwa hiyo hasimulii jambo hilo mara nne. Dharura ya polisi ni 112.

Kesi ya ubakaji haimalizwi na mjumbe wala kwa vikao vya familia. Atakayemwambia "yaishe nyumbani" anampotezea ushahidi. Msaada wa kisheria aulize TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake).

Kusumbuliwa kwa maneno na kushikwashikwa nako ni kosa, kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu. Na bosi akidai mwili ili akupe kazi au cheo, hiyo ni rushwa ya ngono, ipo kwenye sheria ya TAKUKURU ya 2007. Usifute ujumbe wake hata mmoja, piga 113, ni bure.