Mishikio ya joto kwa pikipiki ya theluji: filamu ya kubandika, mshikio kamili au mifuko ya usukani?

GumbaGanzi:
Wakuu, heshima kwenu. Pikipiki yangu ya theluji (snowmobile, ile ya ski mbele na mkanda nyuma) ni ya zamani, ya kuvuta kamba, haina betri. Dakika 20 tu njiani vidole vinakufa ganzi, hasa gumba la kulia linalobonyeza mafuta. Nimeona njia tatu: filamu za joto zinazobandikwa kwenye bomba la usukani kisha mshikio unarudishwa juu yake, mishikio kamili yenye waya wa joto ndani ya mpira, na mifuko ya usukani, ile ya kuingiza mikono ndani kukinga upepo, isiyohitaji umeme kabisa. Aliyezitumia anipe ukweli, nisije nikanunua mara mbili.

FundiWaya:
Mkuu, kabla ya mshikio, ijue kwanza mashine yako inatoa umeme gani. Nyingi zisizo na betri hutoa AC (umeme unaobadili mwelekeo kila mara) moja kwa moja kutoka kwenye koili ya taa, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Waya wa joto haujali AC wala DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), wenyewe unapata moto tu. Kinachojali ni kile kidhibiti cha vitufe chenye ngazi nyingi za joto: kinataka DC, ukikilisha AC unakiua. Tafuta seti yenye swichi ya kawaida: kali, zima, wastani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme kila upande una ukinzani wa omu 6, umeme ni volti 12. Ukiunganisha sambamba (kila upande na njia yake ya umeme), kila upande unapata wati 24, jumla 48, ampea 4. Ukiunganisha mfululizo (umeme upite upande mmoja kisha mwingine), jumla inabaki wati 12, yaani robo. Kuna seti zinazopata "wastani" wao kwa mtindo huo. Ubaya wake ni kwamba katika mfululizo upande mmoja ukikatika, wote wawili wanazima.

Halafu usiunganishe waya wa kurudi kwenye fremu kwa mazoea ya gari. Kuna mashine ambazo saketi yake ya AC haigusi fremu kabisa. Rudisha waya kwenye saketi yenyewe.

BiTheluji:
Mwanangu, anza na mifuko. Mshikio unapasha kiganja, lakini upepo unapiga mgongo wa mkono, na huko ndiko baridi inakoingilia. Mimi hutumia vyote viwili, na swichi huwa kwenye wastani karibu safari nzima.

MisimuMinne:
Shikamoo Bi. Mifuko sina ugomvi nayo, ila kwenye miti ninaposimama na kuinamisha mashine huku na huku inanikera. Mkono unachelewa kutoka. Kwa njia iliyonyooka, sawa.

GumbaGanzi, nikupe kosa langu. Nilibandika filamu moja kwa moja juu ya bomba la alumini. Joto lote likamezwa na chuma. Ukishika katikati ya usukani unasikia uvuguvugu, viganja vyangu baridi vilevile! Nikalaumu seti bure. Nilipobandua na kuvisha kwanza mrija wa plastiki unaojikaza kwa joto, kisha filamu juu yake, na kuziba ncha za bomba, ikawa kama nimenunua kitu kingine.

GumbaGanzi:
Shikamoo Bi, na mimi pia, hahaha. Je, seti ya pikipiki ya kawaida haifai? Ni rahisi kupatikana.

FundiWaya:
Angalia tundu. Pikipiki ya kawaida huzungusha mafuta kwa mkono wa kulia, hivyo mshikio wa kulia huvaa juu ya mrija wa plastiki na tundu lake ni kubwa kuliko la kushoto. Kwetu pande zote mbili ni bomba tupu, kwa kawaida milimita 22. Wa kulia utapwaya. Tena seti hiyo haina kipasha gumba, nawe shida yako ndiyo hiyo. Ukiwa na mishikio unayoipenda, chukua filamu pamoja na kile kidogo cha gumba.

Kufunga: futa bomba kwa spiriti hadi liwe kavu, waya utokee upande ambao vidole havikandamizi, na usigonge mshikio kwa nyundo, utachana filamu. Weka fyuzi ya ampea 7.5. Acha waya uwe na ulegevu, kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia uone kama unavutwa. La mwisho ndilo kubwa: ukishafunga kipasha gumba, bonyeza mafuta na uachie mara kadhaa injini ikiwa imezimwa. Kibonyezo cha mafuta kikirudi kwa uzito, hata kidogo, usiwashe injini.

MisimuMinne:
Na pima omu kabla ya kuvisha mishikio, si baada. Nimeshavua mara mbili kwa uvivu huo.

GumbaGanzi:
Mrejesho: nimefunga filamu na mrija chini yake, pamoja na kipasha gumba. Kibonyezo cha mafuta kilikuwa kinarudi kwa uzito, kumbe waya wa gumba ulibanwa kwenye bawaba, nimeuhamisha. Sasa gumba liko hai. Ila nikisimama injini ikinguruma taratibu, joto linashuka.

FundiWaya:
Hapo hakuna ubovu. Mzunguko wa injini ukishuka, koili inatoa umeme kidogo. Ukiondoka litarudi.

BiTheluji:
Na mifuko je?

GumbaGanzi:
Nimeagiza, Bi.