Wasifu wa marehemu mama, wakili wa kesi za kazi: nianzie wapi?

Wadau, Jumamosi nasoma wasifu wa mama. Ndugu wamenipa orodha ndefu ya vyeti vyake, nikiisoma simuoni. Ninayemkumbuka ni yule wa saa kumi alfajiri: jalada mapajani, kalamu nyekundu mdomoni, mkono mmoja unakagua hesabu zangu. Nisaidieni.

JIBU: Pole sana, ndugu. Vyeti viache, anza na kalamu. Alitetea akina nani hasa?

MUULIZAJI: Waliofukuzwa kazi kwa mdomo, bila hata barua. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, alikuwa nao kichwani: mtu haachishwi kazi bila sababu halali, na kwanza apewe nafasi ya kujitetea. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Kabla ya adhabu kila mtoto alisikilizwa, hata kaka yangu, ambaye utetezi wake haukuwahi kuwa na kichwa wala miguu.

JIBU: Hiyo ya kaka isome kama ilivyo. Watu watacheka, nawe utapata pumzi.

JIBU: Mimi pia ni wakili. Uzazi je? Mkataba Na. 183 wa 2000 unataja likizo ya wiki zisizopungua 14. Yeye mwenyewe aliipata?

MUULIZAJI: Umenikumbusha! Mdogo wangu alipozaliwa, mwajiri alimwita kazini siku ya ishirini. Akaenda, mtoto mgongoni, akawasomea sheria kifungu kwa kifungu, akarudi nyumbani kulala.