Kikundi cha ukoo, Tabora: Shangazi na vitabu vyake

*Shangazi:* Asalaam aleikum wanangu. Jana usiku nimemaliza Peponi ya Gurnah, ile iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ya Mkuki na Nyota, 2022. Sijasoma kitabu kikanishika hivi siku nyingi.

*Binti Isevya:* Waaleikum salaam, shikamoo shangazi. Ndiye yule wa Nobeli?

*Shangazi:* Marahaba mama. Ndiye, Mzanzibari, alipewa 2021. Kitabu chenyewe alikiandika 1994. Kuna mtoto Yusuf, baba yake ana hoteli na deni limemzidi. Tajiri Aziz anamchukua mtoto, naye anajua anakwenda kutembea kwa ami yake. Kufika dukani, mwenzie Khalil ndiye anamfumbua macho: yule si ami yako, wewe uko hapa kwa deni la baba yako. Nilikiweka kitabu chini, nikakaa kimya.

*Kaka Mkubwa:* Duh.

*Baba Mdogo Urambo:* Dada, na kile cha Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayesimulia maisha yake mwenyewe, nilichokupa? Au umekitupa?

*Shangazi:* Nikitupe wapi, kaka! Nilikisoma kabla ya hiki, na ndiyo maana hiki kimeniingia. Tippu Tip anasema alianza safari za biashara akiwa na miaka 12, anabeba sandarusi, ile gundi ya miti. Yusuf naye anaondoka kwao kwenye umri huohuo. Mmoja anakwenda kuwa tajiri, mwingine ndiye mali yenyewe. Visome kwa kufuatana, mtaona.

*Baba Mdogo Urambo:* Lakini yule mzee alikuwa jasiri. Tena mtu wa hapahapa, baba yake alioa binti wa mtemi Fundikira.

*Shangazi:* Ujasiri simnyimi, na Kiswahili chake kitamu, hana maneno mengi. Ila rudi pale wapagazi wa Kizaramo wanapomtoroka. Anakwenda vijijini kwao, anakamata wazee na jamaa zao, anawatia minyororo wote, wanambandika jina la Kingugwa. Anasimulia kama mtu anayehesabu magunia. Pembe anazitaja kwa uzito wa frasila, waliozibeba hawataji majina. Na wengi waliozibeba ni nani, kaka? Wanyamwezi. Babu wa babu yetu si alikuwa mpagazi wa pwani?

*Baba Mdogo Urambo:* Ndiyo. Marehemu baba alikuwa akisema bega lake moja lilikuwa na sugu mpaka anazikwa.

*Kaka Mkubwa:* Hilo mimi sijawahi kulisikia.

*Shangazi:* Basi huyo ndiye niliyekuwa namtafuta ndani ya vitabu vyote viwili. Kwenye Peponi angalau namsikia akihema. Wapagazi wanaugua njiani, wanapigwa na mnyapara Mohammed Abdalla, wanafika kwa chifu Chatu hoi. Mimi sehemu ya safari naiona ndefu kidogo, za dukani na bustanini ndizo nzuri zaidi, lakini ile safari isingekuwapo nisingelia.

*Binti Isevya:* Mwisho wake Yusuf anarudi kwao?

*Shangazi:* Sikwambii. Wajerumani wanaingia, basi. Reli yao ilifika hapa Tabora 1912, kwa hiyo unajua kinachokuja.

*Kaka Mkubwa:* Na Rosa Mistika vipi? Nilikuona nacho Idi.

*Shangazi:* Cha Kezilahabi cha 1971, kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Kila mwenye binti akisome. Zakaria, baba yake Rosa, alidhani fimbo ndiyo malezi, mtoto alipotoka nyumbani hajui kuongea na mwanaume hata salamu. Nimeshasema.

*Binti Isevya:* Nianze na kipi? Shule tunafunga wiki ijayo.

*Shangazi:* Tippu Tip kwanza, ndipo Peponi. Usigeuze.

*Baba Mdogo Urambo:* Kitabu changu kisivuke Isevya bila mimi kujua.

*Shangazi:* Nitamkabidhi mkononi mwenyewe, kaka. Na wewe Ijumaa ukija mjini, ile habari ya bega tuielezee yote, mtoto aiandike.

*Baba Mdogo Urambo:* Nakuja. Mwambie aje na daftari.