Mada: Chuo wamenirudishia fomu: laptopu ya zamani inaongezeka vitu vya ndani?

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo.

Ofisi ya mitihani ya chuo imenirudishia fomu mara ya pili. Mara ya kwanza niliambatanisha BRP, ile kadi ya zamani ya ukaazi wa Uingereza, badala ya eVisa, kibali cha mtandaoni. Sasa wanasema kwa mtihani wa kufanyia nyumbani, laptopu lazima iwe na Windows 11 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16. Yangu ni ThinkPad T470 ya mtumba, prosesa i5 ya kizazi cha 7, RAM 8. Nikibadilisha vya ndani itapita, au nitapoteza hela bure? Mpya siwezi mwezi huu, kodi ya chumba imepanda.
N., Leicester

---
Marahaba binti. Achana na wazo hilo. RAM ya hizo ThinkPad imechomelewa kwenye mazabodi. Mimi fundi wa huku alinitoza hela ya kufungua, akatazama, akafunga.
Mzee K., Milton Keynes

---
Mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo yako ni T470s, yenye "s" mwishoni, ambayo sehemu ya RAM ndiyo imechomelewa. T470 tupu ina nafasi mbili za RAM na zote zinatoka. Tusimkatishe tamaa mtoto wa watu kabla ya kusoma.

Binti, yangu niliifungua mwenyewe juu ya meza ya jikoni. Ingia BIOS (mipangilio ya kabla Windows haijawaka) kwanza uzime betri ya ndani, maana zipo mbili, na ukichomoa ya nje umeme bado umo. Legeza skrubu za mfuniko wa chini, kisha pitisha kadi ya benki iliyokwisha muda pembeni taratibu. Ukisukuma vibanio viwili vya RAM kwa kucha, kipande kinainuka chenyewe. Kipya kiingize kwa mshazari, ukilaze mpaka kilie "ta". Nunua RAM aina ya DDR4 ya laptopu. DDR3 haikai, pengo lake halilingani. Na angalia kama hiyo 8 yako ni kipande kimoja au ni 4 mbili. SSD, yaani diski ya kuhifadhia, nayo inabadilika.
Baba Rehema, Reading

---
Maelezo mazuri, lakini Baba Rehema, umesoma alichoandika? Kizazi cha 7. Kwa i5 za laptopu, Microsoft wanaikubalia Windows 11 kuanzia cha 8. Prosesa ndiyo iliyochomelewa humo, haibadiliki. Aweke hata RAM 32, sharti la Windows 11 liko palepale. Na Windows 10 waliacha kuihudumia tangu 14/10/2025, kwa hiyo chuo hawatarudi nyuma.
Da Z., Slough

---
Da Z., yangu ni kizazi hichohicho na Windows 11 inakwenda.
Baba Rehema

---
Inakwenda kwa kulazimisha. Kwenda si kukubalika. Akitolewa katikati ya mtihani, utamlipia ada wewe?
Da Z.

---
Msigombane wanangu. Nimekosea ile "s", nisameheni. Ila nawaambia, angekuwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, asingeandika barua hii. Pale kijana anakaa kwenye kistuli, bunduki ya hewa moto mkononi, anang'oa kilichochomelewa na kupachika kingine wewe umesimama unakunywa maji ya madafu. Huku kila kitu ni kutupa. Mikono tunayo nyumbani, tunachokosa ni kuachiwa tufanye kazi. Oktoba 29, 2025 intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, vijana wale walikula nini? Mimi siku hizo nilikaa na simu kifuani, sikumpata dada yangu. Sijapoa mpaka leo.
Mzee K.

---
Pole sana Mzee. Na sisi tulikesha.
Da Z.

---
Asanteni wote. Nimeangalia, 8 yangu ni kipande kimoja. Fomu inatakiwa Ijumaa saa sita mchana. Kuna aliyefanyia mtihani wa chuo kwenye Windows 11 ya kulazimisha, wakamkubalia?
N.

---
Kipande cha 8 ninacho kwenye droo, kimebaki kwenye yangu. Alhamisi jioni napita Leicester kwenye kisomo, nitakuja nacho pamoja na bisibisi. Usinunue.
Baba Rehema