Wadau, kupunguza uzito na siku ya kujiachia Jumapili: niweke au nisiweke?

NasraMbagala
Habari za jioni wadau. Naomba mawazo yenu maana Jumamosi hii natakiwa kulipia. Kuna jimu hapa jirani na kwangu, kocha ana programu mbili za miezi mitatu. Ya kwanza laki na themanini, unajibana siku sita alafu Jumapili unakula chochote roho inapenda, yeye anaiita chitidei. Ya pili laki mbili na arobaini, hakuna cha kujiachia, wiki 12 mfululizo na kila mlo unampigia picha sahani unamtumia WhatsApp anakukosoa. Wifi yangu alifanya ya kwanza na alipungua. Dada wa kazini anasema ya kwanza ni kutupa hela. Nataka niwe nimepungua kabla ya Desemba. Nichukue ipi?

Fundi_Mizani
Dada, una kilo ngapi? Urefu? Umri? Kazi ya kukaa au ya kutembea? Una presha, sukari, kuna dawa unameza? Na hizo siku sita anakulisha nini? Bila hayo tutapiga ramli tu.

BintiPangani
Mi nasema weka. Mtu hawezi kuishi Dar mwaka mzima bila pilau, kuna harusi, kuna hitima, kuna maulidi, kila wiki una mwaliko. Ukijinyima kabisa unaishia kula kwa kujificha. Ila iwe mlo mmoja, sio siku nzima, hapo ndipo watu wanapokosea. Mi nilipungua kilo 11 kwa miezi saba na kila Ijumaa mchana nilikula wali wa nazi kwa mama, sahani moja, nikishiba nimeshiba, basi.

MzeeWaDona
Tatizo la vijana ni sembe. Kuleni dona muone kama hilo tumbo litabaki. Hiyo jimu haina haja.

Fundi_Mizani
Mzee wangu shikamoo, dona tutarudi kwake. Mleta mada bado hajajibu ila ngoja nipige hesabu ya kukisia watu waone.

Tuseme mwili unatumia kalori 2,000 kwa siku na wewe unakula 1,500. Unabana 500, kwa siku sita ni 3,000. Sasa Jumapili. Asubuhi supu na chapati mbili, mchana pilau na soda, saa kumi vitumbua na chai, usiku chipsi mayai na mishikaki na soda nyingine. Soda ya chupa ya 350 ni kama kalori 150, sukari vijiko tisa vya chai. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120 na wote tunajua chipsi inavyoogelea. Ukifika 4,500 siku hiyo sio ajabu hata kidogo. Umezidisha 2,500. Toa kwenye zile 3,000, zimebaki 500. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwahiyo wiki nzima ya kulala na njaa umepunguza gramu 65. Pakiti ya karanga ya barabarani. Na mtu anakuja kulalamika mwili wangu una laana, haupungui.

Ukiweka bia ndio kabisa, pombe gramu moja ni kalori saba, karibu sawa na mafuta yenye tisa.

Chuma_cha_Gongo
Mkuu hesabu yako inasahau homoni. Ukijibana muda mrefu leptini, ile homoni ya kuuambia mwili umeshiba, inashuka, njaa inapanda, mwili unapunguza matumizi. Siku ya kujiachia inaamsha mwili. Wanyanyua vyuma wote wanafanya, na kuna utafiti wa Australia uliotoka 2017, wanaume wanene 51, kundi moja walijibana wiki 16 mfululizo, lingine wiki mbili kujibana wiki mbili kupumzika mpaka wakatimiza wiki 16 zile zile za kujibana. Waliopumzika ndio walipungua zaidi. Sasa hapo mtasemaje?

Fundi_Mizani
Tutasema usome vizuri. Wale wiki za kupumzika hawakula bata, walipewa chakula kilichopimwa cha kushikilia uzito pale pale ulipo. Hiyo ni kupumzika kwa mpango. Hakuna aliyewaambia Jumapili nendeni mkafagie. Ukitoa huo utafiti kutetea pilau sahani tatu unawapotosha watu.

Chuma_cha_Gongo
Sijasema sahani tatu. Nimesema mapumziko yana maana. Usinilishe maneno.

Kijana_Tandika
Ngoja niseme yangu maana mada hii imenigusa, naomba mnivumilie ni ndefu.

2022 nilikuwa na kilo 103. Nikapata mtu wa mazoezi akanipangia kama hiyo programu ya kwanza ya dada, siku sita mboga na mayai, Jumamosi huru. Mwezi wa kwanza nikapungua kilo nne nikafurahi sana, nikawa namhubiria kila mtu. Mwezi wa pili ikaanza kitu sikukielewa. Jumatano nikiwa kazini nawaza Jumamosi. Alhamisi naandika kwenye simu orodha ya vitu nitakavyokula. Ijumaa usiku saa sita ikipiga tu najiambia hii ni Jumamosi tayari, nainuka kitandani naenda kutafuta chipsi.

Kuna usiku mmoja siusahau. Nimepaki gari pembeni ya barabara Sinza, taa nimezima, mapajani nina mifuko miwili ya chipsi mayai, ya kwanza nimemaliza, ya pili nakula huku tumbo linauma kabisa, nasikia kabisa limejaa, na mkono unaendelea kwenda. Mafuta yamelowesha suruali. Mke wangu anapiga simu naiangalia inaita mpaka inakata kwa sababu sikutaka asikie nikitafuna. Nilikula mpaka nikafungua mlango nikatapika pale pale chini. Jumapili yake sikula kitu kwa aibu, Jumatatu maji tu. Jumanne natetemeka kazini. Na Jumamosi ikija ni yale yale. Hii imeenda miezi mitano. Nilimaliza nikiwa na kilo 106.

Yule mtu wa mazoezi nikamwambia, akanijibu sina nidhamu. Nikaamini hivyo karibu mwaka mzima. Baadae ndio nikaenda hospitali nikakutana na mshauri, akaniambia kitu cha kwanza rudisha kifungua kinywa na usiruke mlo hata kama jana ulizidisha. Akanitolea na mfano wa wanaume 36 Marekani, 1944 mpaka 45, walijitolea kunyimwa chakula kwa miezi kadhaa kwa ajili ya utafiti. Walipofunguliwa wengi walikula kupita kiasi na hawashibi, na walikuwa watu wazima wenye akili timamu. Akasema mwili uliobanwa sana unadai chake.

Leo nina kilo 91, sina siku ya kujiachia na sina siku ya kujibana. Jumapili nakula pilau na familia kama watu wengine. Dada Nasra, mi sikwambii usifanye, nakwambia ukianza kuhesabu siku kusubiri Jumapili, simama hapo hapo.

BintiPangani
Pole sana kaka. Asante kwa kuandika hii, nina mdogo wangu nitamtumia.

MombasaRaha
Pole bro. Huku kwetu Mombasa watu hawaiti hata kujiachia, ni Jumapili tu, mahamri kwa mbaazi asubuhi, biriani mchana, viazi karai jioni ukishuka baharini. Mimi nilichofanya nilichagua kimoja kati ya hivyo vitatu kila wiki. Wiki hii biriani, ijayo viazi. Nimeshuka pole pole lakini sijapandisha tena.

MzeeWaDona
Bado nangoja mniambie kuhusu dona.

NesiWaMkoa
Mzee, kwa kalori dona na sembe hazipishani kiasi cha watu wanavyodhani, tofauti ni makapi, yaani nyuzinyuzi, na virutubisho vilivyo kwenye kiini na ganda. Dona inashibisha muda mrefu ndio maana unakula kidogo. Ukila ngumi nne za dona ni zile zile.

Kingine kwa wote: msipande mizani Jumatatu. Wanga unaokula Jumapili unahifadhiwa kwenye misuli na ini, na kila gramu moja inashika kama gramu tatu za maji. Ongeza chumvi ya mishikaki. Mtu anakuta kilo mbili zimeongezeka anachanganyikiwa anaacha kula siku mbili, wakati ni maji, Alhamisi yameshaondoka. Nimeona watu wengi wanaharibikiwa kwa hiyo Jumatatu kuliko kwa pilau lenyewe. Na kama una kisukari na unameza vidonge vya glibenklamaidi, usithubutu kufidia kwa kushinda njaa. Sukari inashuka mtu anaanguka. Tunawapokea.

NasraMbagala
Samahanini nilikuwa kazini. Kaka wa Tandika nimesoma mara mbili, pole sana. Najibu maswali: kilo 84, urefu sentimita 158, miaka 31, kazi keshia nimekaa kutwa. Sina presha sina sukari. Dawa simezi zaidi ya vidonge vya damu. Chakula cha siku sita ni sawa kwa programu zote mbili: asubuhi mayai mawili na chai bila sukari, mchana mchicha na kipande cha kuku, usiku nusu parachichi na tango.

Fundi_Mizani
Kilo 84 kwa 158 uwiano wako wa uzito na urefu (BMI) ni 33.6, juu ya 30 Shirika la Afya Duniani (WHO) wanahesabu ni unene wa kupitiliza, kwahiyo una sababu ya kupungua. Ila hicho chakula dada ni kidogo mno.

NesiWaMkoa
Vidonge vya damu vya nini dada?

NasraMbagala
Nilipewa kliniki. Nina mtoto wa miezi mitano.

NesiWaMkoa
Ananyonya?

NasraMbagala
Ndio, maziwa yangu tu. Nikiwa kazini nakamua dada anampa kwa kikombe.

NesiWaMkoa
Dada yangu hilo ndilo ungeanza nalo. Sasa nisikilize. Mama anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 juu ya mahitaji yake ya kawaida. Hiyo orodha ya kocha kwa kukadiria haifiki hata 900. Mtoto hana chakula kingine mpaka atimize miezi sita, anakutegemea wewe. Swali la Jumapili ujiachie au usijiachie kwako halipo kabisa kwa sasa, tatizo ni hizo siku sita. Kocha anajua kama unanyonyesha?

NasraMbagala
Hakuuliza na mi sikusema. Wiki mbili hizi nimeanza mwenyewe kujaribu chakula chake kabla ya kulipa. Na kweli nikikamua saa sita naona kwenye chupa maziwa yamepungua, zamani ilikuwa inafika kwenye mstari wa 120 sasa inaishia 80, nikadhani ni stresi ya kazi.

BintiPangani
Jamani Nasra. Kula leo. Pika uji wa ulezi sasa hivi weka maziwa.

Chuma_cha_Gongo
Hapa hata mi nakubali, usilipe yoyote. Makocha wa mtaani wanatoa karatasi moja kwa kila mtu, keshia na mbeba zege. Subiri mtoto aanze kula.

Fundi_Mizani
Sio lazima asubiri kila kitu. Kutembea anaweza. Soda anaweza kuacha. Kupungua nusu kilo kwa wiki huku anakula vizuri, wanyonyeshaji wengi wanaweza.

NesiWaMkoa
Taratibu kaka, kwanza kliniki mtoto apimwe uzito tuone mstari wake kwenye kadi umesimama au unapanda. Mengine baadae. Nasra, rudisha ugali, maharage, dagaa, matunda, maji ya kutosha, na mnyonyeshe mara nyingi ukiwa nyumbani, maziwa yatarudi.

MzeeWaDona
Ugali wa dona.

NesiWaMkoa
Dona sawa mzee, ila mahindi yawe yamekauka vizuri na yamepembuliwa. Sumukuvu sio mchezo, 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye kuvu. Na sumu hiyo inapita kwenye maziwa ya mama.

MzeeWaDona
Hilo umesema kweli mwanangu. Mimi sinunui unga wa dukani. Nanunua mahindi, naanika juu ya turubai siku tatu, mama watoto anatoa yenye ukungu na yaliyovunjika, ndio yanaenda mashineni.

MombasaRaha
Mzee huku kwetu unga wa pakiti uliwahi kuondolewa madukani kwa hilo hilo la sumu, 2019. Tangu hapo mama yangu hupeleka mahindi kwa posho mill mwenyewe.

Kijana_Tandika
Mzee mashine unayosaga iko wapi? Mi nipo Tandika, ya karibu hapa wanachanganya mahindi ya watu wote kwa pamoja.

MzeeWaDona
Temeke, nyuma ya soko, jengo la bati la bluu. Wahi asubuhi kabla ya saa tatu utasagiwa yako peke yako.

NasraMbagala
Kocha kapiga simu sasa hivi, anasema ofa inaisha Jumamosi saa kumi, nikichelewa ya kwanza inapanda kuwa laki mbili. Nimemwambia kuhusu mtoto, akasema ataniongezea yai moja. Sijamjibu. Kesho asubuhi naenda kliniki kupima mtoto. Nikitoka nitaandika uzito wake hapa.

NesiWaMkoa
Beba na kadi ya miezi iliyopita. Na unywe uji kabla ya kutoka nyumbani.