Rimu za inchi 15 kwenye Corolla ya zamani: tairi linakwaruza fenda

Swali: Ndugu zangu, nina Toyota Corolla ya mwaka 1994 hapa Bukavu, iliyokuwa na matairi ya 175/65R14 (upana milimita 175, urefu wa ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 14). Nimeifunga rimu za inchi 15 zenye matairi ya 195/60R15, na sasa kila ninapokata kona nikiwa na abiria, tairi linakwaruza fenda. Je, nikate fenda?

Jibu la 1: Usikate chochote, kaka. Tairi la awali lina kipenyo cha milimita 583 hivi, ilhali hilo jipya linafikia 615, kwa hiyo limepanda milimita 16 juu ya ekseli, nafasi ambayo fenda haina pale springi zinapolemewa. Tafuta 185/55R15, yenye milimita 584 au 585. Hata spidomita itasoma kama zamani.

Jibu la 2: Soma pia alama ya ET nyuma ya rimu (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari), kwa maana ET35 ikichukua nafasi ya ET45, kwa upana uleule, gurudumu husogea nje milimita 10. Jaribu gari likiwa na mzigo, usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho, pande zote mbili. Mimi, kwa mashimo ya barabara zetu, ningebaki na inchi 14, kwa sababu ubavu mnene huikinga rimu.