Siku IBM walipobisha hodi kwa Kildall: nani msema kweli?

FlopiNane: Wadau, tuliweke mezani hili. Agosti 1980 IBM walifika Pacific Grove, California, kutafuta mfumo endeshi wa kompyuta yao ndogo. Waliitaka CP/M ya Gary Kildall, wakaondoka bila kitu, ulaji ukaenda Microsoft. Kildall alisema alirudi mchana uleule akaonana nao, na jioni wakapanda ndege moja kwenda Florida, wakapeana mikono. Tom Rolander, aliyekuwa naye siku hiyo, anasema kweli walirudi wakakutana na wageni. Jack Sams wa IBM alishikilia kwamba Kildall hakumwona kabisa. Mnamwamini nani?

Kitufe: Sasa hapo pana mjadala gani? Jamaa alikwenda kujirusha na kindege chake, akamwachia mke ofisi, mke akagoma kusaini mkataba wa IBM wa kutunza siri. Kwisha habari.

BiRejista: Kitufe, huyo "mke" anaitwa Dorothy McEwen, na upande wa biashara wa Digital Research, kampuni ya Kildall, alikuwa akiuendesha yeye. Mikataba ilikuwa kazi yake. Na Kildall hakwenda kujirusha: alikuwa anampelekea mteja, Bill Godbout, programu huko Oakland. Karatasi yenyewe unajua ilisemaje? Ukiwaambia IBM siri zako, wako huru kuzitumia. Wakikwambia zao na ukafungua mdomo, wanakuburuza mahakamani. Aliita wakili kwanza. Ulitaka asaini huku anatabasamu?

Kitufe: Mbona Bill Gates wa Microsoft alisaini bila makelele, dada?

BiRejista: Gates siku hiyo alikuwa na mfumo endeshi gani wa kuibiwa?

NondoS100: Mmeng'ang'ania karatasi, wakati kilichokwamisha ni bei na tarehe. IBM inasemekana waliweka dola 250,000 kwa mkupuo, Kildall akataka mrabaha wa kila nakala, kama dola 10. Halafu CP/M-86, ile ya chipu za 8086 na 8088, haikuwa tayari! Mashine ya IBM ni ya chipu ya 8088, CP/M iliyokuwa sokoni ni ya chipu za 8080 na Z80. Seattle Computer Products walikuwa na kadi ya 8086 tangu 1979, wakachoka kusubiri, mhandisi wao Tim Paterson akaanza kuandika mfumo endeshi wake Aprili 1980. Microsoft wakaununua kwa laki moja hivi, ndio DOS.

FlopiNane: Elfu 50 mkuu, Julai 1981. Kabla ya hapo 25,000 za leseni.

NondoS100: Haya, 75,000. Bei ya bure kwa nakala ya CP/M.

Kamba86: Nondo, hilo neno "nakala" lifute. Paterson alifuata mwongozo uliochapishwa, akalinganisha namba za kazi, zile programu inazotumia kuuomba mfumo huduma, ili programu za 8080 zihamishike. Msimbo ni wake. Kwenye CP/M, kuchapa ujumbe unaweka 9 kwenye rejista C (kihifadhi kidogo ndani ya chipu), anwani ya ujumbe kwenye DE, unauita mfumo kwa CALL 5. Kwenye DOS ni 9 kwenye AH, anwani kwenye DX, kisha INT 21h. Vilivyo ndani ni vitu viwili tofauti. CP/M huandika namba za vipande vya faili ndani ya saraka yenyewe, yaani orodha ya faili. Kwenye diski ya kawaida ya inchi 8, kila KB 16 inafungua ingizo jipya. DOS ina jedwali la FAT la biti 12: saraka inataja kipande cha kwanza tu, mnyororo unaendelea kwenye jedwali. Na kwenye CP/M 2.2 badilisha diski usahau kubonyeza Ctrl-C ya kuitambulisha, uone: ukitaka kuandika inakurushia "Bdos Err", R/O (kusoma tu), na kazi ambayo hujaihifadhi imekwenda na maji.

NondoS100: Asante kwa somo, lakini umeruka palipo na uvundo. Ujumbe wa kazi namba 9 unaishia na alama ya dola. Wapi? Kote kuwili! Kwenye kumbukumbu, programu inaanzia anwani 100h, jina la faili linakaa 5Ch, mabaki ya amri 80h. Kote kuwili! Hata CALL 5 imo kwenye DOS, namba ya kazi ukiiweka CL. Na Ctrl-Z ya kufunga maandishi? CP/M iliihitaji kwa sababu inahesabu faili kwa rekodi za baiti 128. Saraka ya DOS inajua urefu hadi baiti ya mwisho, inaitakia nini?

Kamba86: Ili programu zilizohamishwa zisife. Ndiyo maana ya kulinganisha, mzee.

NondoS100: Paterson alimshtaki mwandishi aliyesema DOS ilichotwa CP/M. 2007 jaji akaitupa kesi.

Kamba86: Kwa kuwa yale yalikuwa maoni, na maoni yanalindwa. Jaji hakusema DOS ni ya wizi. Soma hukumu, usisome vichwa vya habari.

BiRejista: Ila Kildall alipotishia kushtaki, IBM walikubali kuuza CP/M-86 pia. Wakaipachika dola 240, PC DOS, yaani DOS waliyoiuza wao, dola 40. Hapo karatasi ya Dorothy inahusikaje?

Kitufe: Inahusika kwa kuwa watu hawakuipenda CP/M. Hata kunakili faili kwa amri yake ya PIP ni adhabu: PIP A:BARUA.TXT B:, halafu inakugomea.

Kamba86: Inakugomea kwa sababu umeandika COPY ya DOS. PIP inataka lengwa kwanza: PIP B:=A:BARUA.TXT.

FlopiNane: Jamani, Sams na Kildall je?

NondoS100: Ngoja kwanza tumalize ya alama ya dola.